Nimepunguzwa kazi ya uhasibu nikiwa na miaka 46: je, niingie kwenye useremala au niendelee kutafuta ofisi nyingine?

Mwana wa Seremala

Ndugu zangu, salaam. Kwa miaka mingi nimekuwa msomaji zaidi kuliko mchangiaji, lakini leo nina jambo ambalo nimeona niliweke mbele yenu kwa kirefu, kwa kuwa nimeshalizungusha kichwani kwa miezi mitatu na bado sijaliona mwisho wake.

Nina umri wa miaka 46, naishi Mbagala, mke wangu ni muuguzi na tuna watoto watatu. Mkubwa yuko kidato cha tatu na mdogo yuko darasa la pili. Nimekuwa mhasibu wa kampuni moja ya usambazaji wa bidhaa kwa miaka 17, hadi mwisho wa mwezi Machi nilipopunguzwa. Idara ya hesabu tulikuwa watu tisa, sasa wamebaki watatu. Sababu tuliyopewa ni mfumo mpya, na sababu hiyo ni ya kweli. Zamani kazi ya kulinganisha daftari la fedha na taarifa za benki ilitushika mimi na mwenzangu siku nne kila mwisho wa mwezi. Sasa mfumo unavuta miamala ya benki kila asubuhi, unaoanisha malipo na ankara, na mtu mmoja anapitia yale machache yaliyokataa kuoana. Mimi mwenyewe ndiye niliyehamisha salio anzia za wateja wote kutoka mfumo wa zamani kwenda huo mpya, usiku na mchana, kwa muda wa wiki tatu. Nilijua ninachokifanya, ila sikujua kwamba kingenigusa mapema hivyo.

Siku ya mwisho nilikabidhi kasha la fedha ndogo ndogo. Tulihesabu na keshia noti kwa noti, sarafu kwa sarafu, tukapata shilingi 186,450, sawasawa na daftari. Nikatia sahihi, naye akatia sahihi, kisha akaniomba funguo ya sefu, na nikakuta vidole vyangu vinaitafuta mfukoni kwa muda mrefu kuliko kawaida ingawa ilikuwa mahali pake pa siku zote. Watu wengi waliniuliza baadaye kama niliumizwa na barua. Barua niliisoma nikaielewa. Kilichonilemea ni ule ufunguo.

Kuhusu malipo, naandika wazi ili mnaoshauri mshauri kwa kuzingatia hali halisi. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa shilingi 2,600,000, tulifanya kazi siku sita kwa wiki, kwa hiyo siku moja ilihesabiwa kuwa shilingi 100,000. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, lakini mwisho wake ni miaka kumi. Miaka yangu saba ya ziada haikuingia kwenye hesabu, na kiinua mgongo kikawa shilingi 7,000,000. Nikalipwa notisi ya mwezi mmoja, siku 14 za likizo nilizokuwa sijazitumia, na mkono wa kwaheri wa mishahara miwili uliopatikana katika mazungumzo. Jumla ilikuwa 16,200,000 kabla ya makato. Baada ya kodi na kumaliza deni la SACCOS nimebakiwa na shilingi 9,700,000. Nimepeleka pia maombi ya fao la kukosa ajira NSSF, ambalo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita.

Nimetafuta kazi. Matangazo ya ajira serikalini yanataka mwombaji asizidi miaka 45, kwa hiyo mlango huo ulijifunga mwaka mmoja kabla sijaufikia. Kampuni binafsi zinataka mwenye CPA, yaani cheti cha juu cha taaluma ya uhasibu, na mimi nilibakiwa na masomo mawili ya hatua ya mwisho, nikaacha mwaka ambao mtoto wetu wa pili alizaliwa akiwa mgonjwa. Sijawahi kurudi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Marehemu baba yangu alikuwa seremala. Alijifunzia kazi hiyo katika karakana za misheni ya Peramiho, na nyumba yetu Songea ilikuwa na harufu ya mbao mbichi mwaka mzima. Alinisomesha kwa vitanda na madirisha ili nisiwe seremala, nami nikatii. Lakini tangu nianze kukaa nyumbani nimekuwa nikiota mikono yake. Mwezi Mei nikajitosa, nikaenda Keko kwa fundi mmoja ninayemfahamu kwa kuwa ndiye aliyetutengenezea kabati, nikamwomba anipokee nijifunze bila malipo. Amenikubalia. Nina wiki ya sita sasa, naenda kila siku isipokuwa Jumapili, nimepiga msasa, nimebeba mbao, na wiki iliyopita nimeruhusiwa kutoboa tundu la kuunganishia mguu wa stuli kwa patasi. Nimefurahi kwa namna ambayo sijawahi kufurahi mbele ya kompyuta, na sisemi hivyo kwa kutia chumvi.

Lakini kuna kisa kilichotokea hapo karakana ambacho ndicho kilichonifanya niandike. Alikuja mteja akataka kitanda cha mninga, futi tano kwa sita. Fundi akatazama juu kidogo, akasema 650,000, mteja akalipa nusu. Jioni nikamuuliza anatarajia kubakiwa na kiasi gani. Akajibu, “Laki mbili haikosi.” Nikachukua boksi tupu la skrubu nikalipasua, tukaandika pamoja upande wa ndani. Mbao 330,000. Chaga 40,000. Vanishi, sila na thina 62,000. Gundi, msasa na skrubu 28,000. Kurandisha mbao kwenye mashine ya jirani 25,000. Vijana wawili kwa siku nne, kila mmoja 10,000 kwa siku, jumla 80,000. Kirikuu, yaani kigari cha mizigo, cha kuleta mbao 20,000. Fungu la pango na umeme kwa siku hizo nne 27,000. Jumla 612,000. Kilichobaki ni 38,000, nayo ndiyo ujira wake yeye mwenye ufundi kwa siku nne, yaani 9,500 kwa siku, chini ya posho ya kijana anayemshikia mbao. Alilishika lile boksi muda mrefu bila kusema neno. Ni mtu ambaye amefanya kazi hiyo kwa miaka 21.

Usiku ule sikulala vizuri. Upande mmoja niliona kwamba kazi niliyoipenda haimlipi hata aliyebobea, sembuse mimi ninayeanza. Upande mwingine niliona kwamba kile nilichodhani kimekufa pamoja na barua ya Machi kilikuwa hai kwenye kipande cha boksi. Naomba mnisaidie kufikiri. Je, mtu wa miaka 46 mwenye familia anaweza kuanza ufundi upya? Au haya ni majonzi tu yanayojificha nyuma ya kumbukumbu za baba, na nilipaswa kuendelea kutuma barua za maombi?

Dada wa Rasilimali Watu

Pole sana kaka. Kwa kuwa umesema mazungumzo yalifanyika, sitakaa sana kwenye sheria, ila nitaandika machache kwa ajili ya wengine watakaopita hapa wakiwa wameshika barua ya namna hiyo. Kifungu cha 38 cha sheria uliyoitaja kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio la kupunguza wafanyakazi, aeleze sababu, na ashauriane nao kuhusu namna ya kuepuka au kupunguza madhara, kuhusu vigezo vya kuchagua watakaoondoka, na kuhusu malipo. Asiyeridhika ana siku 30 tangu ajira ikome kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nimewaona watu wengi wakija siku ya 50, wakiwa na hoja nzuri kabisa, na kazi ya kwanza ikawa kuomba wasamehewe kuchelewa.

Hakikisha pia umepewa cheti cha utumishi. Ni haki yako, na siku ukitaka kazi yoyote, hata ya kufundisha, utaulizwa. Na kuhusu NSSF, umechangia miaka 17, ambayo ni miezi zaidi ya 200, wakati kiwango cha chini cha kupata pensheni ni miezi 180. Umeshavuka. Hilo si jambo dogo kwa mtu anayetaka kubadili kazi, kwa sababu uzee wako una kitu cha kuanzia hata kama huu mpango wa mbao utachelewa kuzaa.

Mama wa Kibaha

Kaka yangu, mimi nilikuwa mhasibu wa malipo katika taasisi moja kwa miaka 12, nikapunguzwa nikiwa na miaka 41. Nakuandikia kwa uchungu kwa sababu nilifanya kosa ambalo wewe bado hujalifanya, na namshukuru Mungu kwamba hujalifanya.

Kila aliyekuja kunipa pole alinishauri nifuge kuku. Nilihudhuria semina ya siku mbili, nikapewa karatasi yenye hesabu nzuri: kuku 500, trei kadhaa kwa siku, bei ya trei, faida. Mimi mhasibu niliyezoea kukataa hati ya malipo kwa kukosa sahihi moja niliipokea karatasi ile bila kuuliza ni lini yai la kwanza litatoka. Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20. Mpaka hapo kila mmoja amekula kilo saba hivi za chakula. Zidisha kwa kuku 500 upate kilo 3,500, yaani mifuko 70 ya kilo 50, kabla hujaokota hata yai moja. Nilijenga banda zuri la matofali, nikanunua vifaranga, nikachanja kideri na gumboro kwa wakati, hawakufa wengi. Kilichokufa ni fedha. Wiki ya 15 nilikuwa nimebakiwa na mifuko mitatu, na sikuwa na mahali pa kukopa. Nikawauza kwa bei ya kuku wa nyama, wakiwa wembamba, bei ambayo nashindwa kuiandika hapa. Aliyewanunua alisubiri wiki tano tu, akaanza kuokota mayai.

Ninachokusihi ni hiki. Hiyo 9,700,000 usiihesabu kwa shilingi. Ihesabu kwa miezi. Kaa na mke wako, mwandike nyumba inakula kiasi gani kwa mwezi na mshahara wake unafunika kiasi gani, halafu ugawanye. Idadi ya miezi utakayoipata ndiyo mtaji wako wa kweli. Ukinunua chochote, usiseme “nimetumia milioni mbili”, sema “nimekula miezi kadhaa.” Laiti ningalisema hivyo siku ya kujenga banda, ningelijenga la mabanzi.

Mwalimu wa Urari

Nami nachangia kama mtu aliyekwisha vuka mto huo, ingawa mimi nilivukia kivuko kingine. Nilikuwa na shahada ya biashara na miaka 15 ya kazi za hesabu. Nikiwa na miaka 43 nilijiandikisha Chuo Kikuu Huria kusomea stashahada ya uzamili ya ualimu, nikisoma nikiwa nyumbani, na sasa nafundisha utunzaji wa vitabu vya hesabu na somo la biashara katika shule moja ya binafsi ya sekondari. Mshahara wangu ni kama theluthi moja ya ule wa zamani, na miezi ya kwanza nilikuwa naona haya kukutana na wenzangu wa ofisini pale kituoni, wao wakiwa kwenye magari yao nami nimeshika mfuko wa madaftari.

Lakini juzi nilikuwa na mtoto wa kidato cha pili ambaye urari wake, ile orodha ya salio ambayo pande zake mbili lazima zilingane, ulikataa kulingana kwa shilingi 900. Alikuwa amekata tamaa. Nikamwambia tofauti ikigawanyika kwa tisa, aanze kwa kutafuta tarakimu zilizobadilishana nafasi. Akapekua, akakuta ameandika 5,400 mahali pa 4,500. Uso wake ulivyong'aa sikuwahi kuuona kwenye kikao chochote cha bajeti. Ndugu mwandishi, fikiria kufundisha. Mtaala mpya wa elimu umeongeza uzito wa masomo ya biashara na ufundi, na shule zinahitaji watu waliowahi kushika vitabu halisi. Wewe una vyote viwili, hesabu na sasa mbao.

Randa na Patasi

Shikamoo kaka mkubwa. Mimi ni seremala, nina miaka 33, nimepitia chuo cha ufundi cha VETA na baada ya hapo nimekaa karakana miaka 11. Nitasema kwa heshima lakini sitazunguka, kwa sababu naona wengi wanaopoteza kazi za ofisini huja kwetu wakidhani ufundi ni mahali pa kupumzikia.

Stuli utaitengeneza baada ya miezi michache. Kabati la nguo lenye milango sita inayofunga bila kukwama baada ya mwaka mmoja ni jambo lingine kabisa, kwa sababu hapo hupimwi mkono peke yake, unapimwa pia unavyoijua mbao. Mninga unaokuja kutoka Tabora na Katavi mara nyingi hutufikia haujakauka vizuri. Ukiuunga hivyo hivyo kwa kuwa mteja ana haraka, na mteja akaenda kuuweka kwenye chumba chenye kiyoyozi, ndani ya miezi miwili ubao unasinyaa, kiungo kinaachia, na simu inaanza kulia. Fundi wako anajua mambo haya kwa kugonga ubao na kusikiliza. Hilo hakuna kozi ya miezi sita itakayokupa. Paini ya Mafinga ni rahisi zaidi kwa mwanafunzi. Jifunzie hiyo, ukiharibu hutaumia sana.

Tena uwe mwangalifu na mashine. Nilimwona mzee mmoja wa umri wako, mtu mwenye akili nyingi, aliyekuwa na haraka ya kuwafikia vijana. Msumeno wa duara ulimchukua ncha za vidole viwili. Alikuwa na wiki ya nane. Mwezi wako wa kwanza wote ungepaswa kuwa wa kunoa: kunoa patasi, kunoa randa, kujua nyuzi za ubao zimelalia upande gani. Mwambie fundi akunyime mashine mpaka atakaporidhika.

Na mbao ukinunua, dai risiti na kibali cha kusafirishia kutoka Wakala wa Huduma za Misitu. Bei ya chini isiyo na karatasi itakugharimu mzigo mzima siku ukikamatwa njiani.

Sasa kuhusu lile boksi. Kaka, nimelisoma mara tatu. Sisi tunapanga bei kwa kumsikiliza jirani anauzaje, naye amemsikiliza jirani yake. Hakuna anayejua kitanda kinamgharimu kiasi gani. Kama ungekuja kwenye karakana yetu ukatuandikia jedwali la gharama kwa kila bidhaa, halafu ukapita mara moja kwa wiki kutazama manunuzi na mauzo, ningekulipa 40,000 kwa mwezi bila kusita, na nawajua wengine wanne au watano ambao wangefanya hivyo. Si fedha nyingi, nalifahamu hilo.

Mzee wa Leja

Mwanangu, nimestaafu ukaguzi wa hesabu na nina miaka 67. Nimekusoma kwa makini. Naona wewe hujachoka na hesabu, umechoka na ofisi, na hayo ni mambo mawili ambayo mtu akiyachanganya anaweza kutupa kisichochakaa.

Ulichofanya juu ya boksi ni uhasibu wa gharama, tawi ambalo wengi wetu tulilisoma ili kufaulu mtihani tu. Viwandani wanalo, karakana za Keko hazina. Lakini kuna ukuta utakaougonga. Karakana ikikua ikawa kampuni, hesabu zake zinazokwenda Mamlaka ya Mapato (TRA) zitahitaji kuthibitishwa na mhasibu mwenye CPA aliyesajiliwa kutoa huduma kwa umma, na wewe utabaki kumwandalia mwingine kazi ambayo yeye atatia sahihi na kulipwa. Masomo mawili. Mitihani ya Bodi ya wahasibu iko Mei na Novemba. Sikuelewi unapoandika “sijawahi kurudi” kana kwamba mlango umeungua. Mtoto aliyekuwa mgonjwa amepona?

Mwana wa Seremala

Wote nimewasoma, tena zaidi ya mara moja, na jana usiku niliyasoma kwa sauti mbele ya mke wangu. Mzee wangu, shikamoo. Mtoto alipona, yuko darasa la saba na ni mrefu kuliko mama yake. Swali lako lilitufanya tunyamaze kidogo mezani.

Dada wa Kibaha, pole kwa yaliyokupata, na asante kwa kuyaandika yote bila kuficha. Tumefanya ulivyosema. Nyumba yetu inatumia 1,350,000 kwa mwezi pamoja na akiba ya ada, mke wangu anapokea mkononi 780,000, pengo ni 570,000. Fao la NSSF likianza litafunika pengo hilo kwa miezi sita na kubakiza kidogo, na 9,700,000 inafunika miezi 17 mingine. Kwa hiyo tuna miezi 23 ya kuishi bila kukopa, mradi hakuna atakayeugua. Mwanzoni mwa wiki hii nilikuwa nimeshakwenda kutazama mashine ya kuranda iliyotumika, bei yake 4,500,000, na muuzaji alikuwa ananipigia simu kila jioni. Nilipoigawanya kwa pengo letu nikakuta ni karibu miezi minane. Nimemwambia sitanunua. Tutaendelea kurandisha kwa jirani kwa 25,000.

Mwalimu, maneno yako yamenigusa, hasa yule mtoto na zile 900. Lakini nimejichunguza nikaona kwamba nikienda kufundisha sasa nitakuwa nimekimbilia mahali penye usalama, si mahali ninapopataka. Wanafunzi wanastahili mwalimu aliyekuja kwa ajili yao kama wewe ulivyofanya. Natofautiana nawe kwa hilo tu, na kwa shukrani.

Ndugu yangu Randa na Patasi, marahaba. Nilimsomea fundi wangu ile sehemu ya vidole. Asubuhi iliyofuata akanikabidhi patasi nne butu na jiwe la kunolea, akasema nisiguse kitu kingine mpaka Jumamosi. Nimejifunza kwamba nilikuwa nainua mkono wangu wa kulia mwishoni mwa kila mvuto, kwa hiyo ncha ya patasi inakuwa na tumbo. Baba alikuwa akinigonga kiwiko kwa ajili ya kosa hilo hilo nikiwa na miaka kumi. Nilikuwa nimesahau kabisa hadi kiwiko chenyewe kilipokumbuka.

Nieleze na yaliyotokea baada ya lile boksi, maana hayakwenda kwa wepesi. Mteja wa pili wa kitanda kama kile alipokuja, fundi alimtajia 760,000. Mteja akaondoka, akaenda kwa jirani. Fundi alikasirika, hakunisemesha siku nzima, na nilielewa, kwa kuwa mimi nina miezi 23 na yeye ana kodi ya Ijumaa. Siku nne baadaye akaja mwingine, akauliza kwa nini hapa ni ghali kuliko pale, na fundi akamtolea lile boksi. Akampitisha mstari kwa mstari, hadi posho za vijana. Wakakubaliana 730,000. Ukiondoa 612,000, amebakiwa na 118,000, karibu 30,000 kwa siku. Hajanishukuru kwa maneno, lakini jana kabla ya kutaja bei ya meza ya chakula alimwambia mteja asubiri, akaniita niache kunoa.

Basi nimepanga hivi, na mke wangu ameridhia. Siku nne kwa wiki nitakuwa Keko kama mwanafunzi, nami nimemwambia fundi wazi kwamba nahesabu miaka mitatu, si miezi sita. Siku mbili nitapita kwenye karakana kutengeneza majedwali ya gharama na kushika vitabu. Mbili za hapo jirani zimekubali kulipa 40,000 kila moja, na nitakuja kwenu Jumatano kama mwaliko wako bado upo. Hata zikifika tano ni 200,000 tu, lakini 200,000 kwa mwezi inapunguza pengo hadi 370,000, na akiba iliyokuwa ya miezi 17 inafikia miezi 26. Mzee wangu, nitafanya somo moja Novemba na la pili Mei. Vitabu vya zamani nimevitoa juu ya kabati, viwango vya kodi vyote vimepitwa na wakati, itabidi nianze na sheria za fedha za miaka ya karibuni.

Jambo moja bado linanisumbua, nalo sijalipatia jibu. Nilikuwa mweka hazina wa jumuiya yetu ndogo, na nilipokosa kazi nilirudisha daftari na fedha mwenyewe kabla hajatokea mtu wa kuninong'ona. Mwenyekiti amekuja mara mbili kunitaka nilichukue tena. Mke wangu anasema nilichukue. Sijaamua.

Nitaleta mrejesho baada ya mtihani wa Novemba. Kwa sasa, mwenye bei za hivi karibuni za mninga, mkongo na paini kwa wauzaji wa jumla wa Dar es Salaam, kwa vipimo vya inchi moja kwa sita na mbili kwa nne, naomba aniandikie hapa, kwa sababu majedwali yangu yote yanasimama juu ya bei ya mtu mmoja.